Vijitezi Vinne Visivyotajwa Wodini

Neno 'tezi' katika Kiswahili limebebeshwa mizigo miwili, na yote miwili ni mizito. Mzigo wa kwanza ni ule wa vitabu vya sayansi: kiungo cha mwili kinachotengeneza na kumimina kemikali fulani. Wa pili, ambao ndio ulioenea vinywani mwa watu, ni uvimbe, yaani ugonjwa. Mtu husema 'fulani ana tezi' akimaanisha kwamba shingo yake imefura. Siku hizi tunasikia hata redioni kwamba mzee fulani 'amepatikana na tezi dume', ilhali kila mwanamume aliyezaliwa chini ya jua hili anayo tezi hiyo, awe mzima au mgonjwa. Walimu wenzangu wataniambia kwamba hilo ni jambo dogo la semantiki, la kufundishia darasani kipindi cha alasiri. Mimi nashikilia kwamba si dogo hata kidogo. Likiingia katika chumba cha upasuaji, laweza kumweka mtu hatarini siku ya tatu baada ya kisu, tena akiwa nyumbani kwake, mbali na daktari.

Nazungumzia upasuaji wa shingo. Hapa Eldoret, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi hupokea wagonjwa kutoka Uasin Gishu, Nandi, Elgeyo Marakwet, Pokot Magharibi, Turkana na kaunti nyingine nyingi za magharibi ya nchi. Miongoni mwao wamo wenye maradhi ya ile tezi iliyo mbele ya koo, ambayo kamusi zetu huiita dundumio. Nyanda za juu za Afrika Mashariki zina historia ndefu ya rovu, uvimbe uletwao aghalabu na upungufu wa madini ya iodini katika udongo na chakula, na ndiyo maana serikali ya Kenya iliagiza tangu miaka ya 1970 kwamba chumvi ya mezani itiwe iodini. Agizo hilo limesaidia mno. Hata hivyo rovu halijatoweka, na zaidi ya rovu kuna saratani na kuna dundumio linalofanya kazi kupita kiasi. Wengi wa wanaougua ni wanawake. Baadhi yao hufika hospitalini wamechelewa, uvimbe ukiwa mkubwa hata wameza mate kwa taabu, na hapo dawa huwa si kisu.. la, kisu ndicho huwa dawa.

Sasa basi, nyuma ya dundumio, mahali ambapo jicho lisilozoea haliwezi kupambanua, kuna vijitezi vingine, kwa kawaida vinne, kila kimoja kikiwa na ukubwa wa punje ya mchele, rangi yake ikikaribia ile ya mafuta yanayokizunguka. Havina undugu wa kikazi na dundumio hata kidogo. Ni majirani tu. Kazi yao ni kulinda kiwango cha kalsiamu katika damu. Kalsiamu ikipungua, vijitezi hivi humimina homoni ambayo huuamrisha mfupa uachilie akiba yake, huiamrisha figo isipoteze kalsiamu katika mkojo, tena huifanya figo iiwashe vitamini D ili utumbo ufyonze kalsiamu zaidi kutoka kwa chakula. Homoni yenyewe haidumu katika damu ila dakika chache. Kwa hiyo vijitezi vikiondolewa, au mishipa myembamba inayovilisha damu ikikatwa, kalsiamu huanza kuteremka muda si muda, na kwa kawaida mgonjwa huhisi athari kati ya siku ya kwanza na ya tatu.

Kalsiamu si ya mifupa na meno pekee kama tulivyokaririshwa shuleni. Ndiyo inayotuliza neva na misuli. Ikipungua, neva huanza kujisemea zenyewe bila kuamrishwa. Midomo hufa ganzi, ncha za vidole huhisi kana kwamba sisimizi wanatambaa chini ya ngozi, mapaja na ndama za miguu hukaza, vidole vya mkono hujikunja vikabanana na kidole gumba kikaingia kiganjani. Ikizidi, koo hubana, mgonjwa huvuta pumzi kwa mlio, mapigo ya moyo huvurugika, na kifafa humwangusha mtu ambaye hajapata kuanguka kifafa maishani mwake.

Tafiti za nchi mbalimbali zinaonyesha kwamba miongoni mwa wanaotolewa dundumio lote, baina ya mmoja kwa watano na mmoja kwa watatu hupatwa na upungufu huu kwa muda wa majuma au miezi kadhaa, kisha vijitezi huzinduka. Wanaobaki nao maisha yao yote ni wachache, kama mmoja hadi watatu kwa mia mikononi mwa wapasuaji wazoefu, na zaidi ya hapo kwa wasio na uzoefu. Anayetolewa nusu tu ya dundumio hana haja ya kuhofu sana, maana vijitezi vya upande wa pili humtosha. Nayasema haya mapema ili asitokee msomaji akadhani nawatisha watu wasiende hospitalini. Upasuaji huu huokoa maisha, na athari hii inatibika. Hata mpasuaji hodari kabisa huweza kuipata. Mara nyingine akiona kijitezi kimeng'oka hukikatakata akakipandikiza katika msuli wa shingo, nacho hushika kama mche wa muhogo.

Historia ya vijitezi hivi ina mafunzo yake kwa sisi tunaoshughulika na lugha. Karibu mwaka 1850, Mwingereza Richard Owen alipokuwa akimpasua kifaru wa Kihindi aliyekufa katika bustani ya wanyama ya London, aliona kitu kidogo cha manjano karibu na dundumio la mnyama huyo, akakiandika, wala hakuna aliyeshughulika nacho. Kisha akaja Ivar Sandström, mwanafunzi wa udaktari wa Uppsala, Uswidi. (Wanafunzi na wazingatie: mwanafunzi, si profesa.) Alivigundua kwanza katika mbwa mwaka 1877, akavitafuta katika maiti za watu, na mwaka 1880 akachapisha makala ndefu. Aliiandika kwa Kiswidi. Ulimwengu wa tiba wa zama hizo ulisoma Kijerumani na Kifaransa, basi makala ikakaa rafuni ikipigwa vumbi hadi mwaka 1891 Mfaransa Eugène Gley alipoonyesha kwamba wanyama waliofanyiwa majaribio hufa kwa mikakamao vijitezi hivyo vikiondolewa pamoja na dundumio.

Wakati Sandström anapuuzwa, watu walikuwa wakiangamia. Katika Vienna, wagonjwa wa Theodor Billroth waliotolewa rovu walipatwa na mikakamao ya misuli na baadhi yao kufa, wala pasiwe na mtu aliyejua sababu. Katika Bern, Uswisi, Theodor Kocher alipasua polepole na kwa uangalifu mkubwa, naye mikakamao hiyo aliiona kwa nadra. Wagonjwa wake walipatwa na jambo jingine, kuzubaa na kuvimba uso, kwa sababu aliwaondolea dundumio lote. Kocher alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1909. Mwaka huohuo, nchini Marekani, MacCallum na Voegtlin walithibitisha kwamba mikakamao ile hutulia mgonjwa akipewa kalsiamu. Tangu hapo hakuna fumbo tena. Dawa yajulikana kwa zaidi ya miaka 100.

Najua hoja ambayo wapinzani wangu wataichomoa katika kisa cha Sandström. Watasema: 'Je, huoni? Mtu akiandika sayansi kwa lugha isiyosomwa na wengi, sayansi hufa. Basi tuachie Kiingereza chetu.' Hoja hiyo ina uzito pale daktari anapozungumza na daktari. Sina ugomvi na daktari wa Eldoret anayeandikia jarida la kimataifa kwa Kiingereza. Lakini mgonjwa aliyelala kitandani si jarida la kimataifa. Kwa mgonjwa huyo, lugha isiyosomwa ni hicho Kiingereza cha kitabibu, na karatasi anayopewa siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani ndiyo makala ya Sandström: ukweli mtupu umeandikwa humo, na hakuna anayeufahamu.

Nitatoa mfano mmoja wa mtu ninayemjua vyema, mwalimu mstaafu ambaye jina lake nalisitiri, kama ninavyoisitiri hospitali aliyopasuliwa. Mama huyu alifundisha Kiingereza katika shule za msingi kwa zaidi ya miaka 30. Aliporuhusiwa kwenda nyumbani alipewa karatasi ambayo maneno yake yote aliyaelewa isipokuwa mawili, na hayo mawili, yenye asili ya Kigiriki, ndiyo yaliyoeleza dalili za hatari. Alipouliza, mhudumu kijana alimtafsiria kwa haraka: 'Mama, ukiona unawashwa mdomoni au mikononi, urudi.'

Hapo ndipo isimu inapogeuka kuwa jambo la uhai. Kuwashwa, kwa Mswahili yeyote, ni hali inayomfanya mtu ajikune: upele, kuumwa na mbu, upupu. Mama huyu hakuwashwa kamwe. Alichohisi jioni ya siku ya pili ni ganzi kuzunguka midomo, akaidhania baridi ya Julai, na wakazi wa Eldoret wanajua baridi hiyo ilivyo. Siku iliyofuata vidole vilimcheza. Usiku wa manane mikono ikajikunja, akashindwa kushika hata kikombe. Bintiye aliona kiharusi. Jirani mmoja, kwa kuwa palikuwa na kidonda shingoni, akasema ni pepopunda. Jirani wa pili hakutaja kitu bali aliomba pafanywe maombi, na sote twajua maana yake. Kwa bahati njema walimkimbiza katika kituo cha afya kilichokuwa karibu, ambako afisa wa kliniki alipoliona kovu bichi shingoni alimfunga mkononi kile kitambaa cha kupimia shinikizo la damu, akakijaza pumzi kwa dakika chache, na mkono ukajikunja mbele ya macho yao. Alimdunga sindano ya kalsiamu ya mshipani, taratibu, kwa muda wa dakika 10 hivi. Kabla alfajiri haijaingia vidole vilikuwa vimefunguka.

Angalieni jinsi kila mmoja katika nyumba ile alivyoenda kuchota jina katika kisima alichokijua. Pepopunda ni neno letu la kale la ugonjwa unaokaza misuli kwa sababu ya vijidudu vya kidonda. Hata katika lugha za Ulaya majina ya maradhi haya mawili yanafanana mno, kwa kuwa yote mawili yametokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kukaza, na wanafunzi wa udaktari huyachanganya. Halafu kuna degedege. Wazee wa pwani na bara waliuhusisha mtukutiko wa mtoto mchanga na ndege wa usiku apitaye juu ya paa, na katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki mtoto mwenye degedege bado hupelekwa kwa mganga kwanza, hospitali baadaye. Mtu mzima akianguka ghafla na kukakamaa, jamii itamwona ana kifafa au ana pepo. Sizikebehi imani za watu. Ninachosema ni kwamba panapokosekana jina sahihi, jina lililo karibu hukalia kiti, na kila jina lina njia yake: hili linaelekea kwa mganga, lile kanisani, jingine kwenye sindano isiyofaa.

Je, tufanyeje? Wako wanaisimu ambao wakisikia swali hili hukimbilia kuunda istilahi. Watatuletea 'tezi paradundumio', na upungufu wa homoni yake wataupa jina refu la kumkata mtu pumzi. Istilahi zina mahali pake, na kazi iliyofanywa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam, iliyotoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, ni hazina. Lakini dundumio lenyewe halijulikani na Wakenya wengi waliomaliza shule. Waulize wanafunzi wa chuo wanaosomea Kiswahili, utaona nyuso zikitazamana. Kulitundika 'para' mbele yake ni kuongeza giza juu ya giza. Tena jina hilo hata katika Kigiriki halisemi chochote kuhusu kazi: maana yake ni 'kando ya kile kinachofanana na ngao'. Vijitezi hivi vimeitwa kwa jina la jirani tangu kuzaliwa kwavyo. Mimi ningependelea tuviite 'vijitezi vya kalsiamu', jina linalotaja kazi. Atakayekuwa na bora kuliko hilo na alilete.

Kilicho muhimu zaidi ya jina ni maelezo, na maelezo yanawezekana leo hii bila kusubiri kamati yoyote. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yamtaka mhudumu wa afya amweleze mgonjwa hali yake, matibabu yaliyopo, faida na hatari zake, tena inapowezekana kwa lugha ambayo mgonjwa anaielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha kusoma. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, sambamba na Kiingereza. Kwa hiyo anayempa mgonjwa maelezo kwa Kiswahili fasaha hamfanyii hisani. Anatimiza sheria. Na asiyekielewa Kiswahili, kwa mfano bibi aliyetoka mashambani Turkana, ana haki ya kuelezwa kwa Kiturkana na mtu aliyefunzwa kufasiri, wala si na mfagiaji aliyepita karibu na kitanda.

Wako madaktari watakaosema kwamba mgonjwa akielezwa hatari zote ataingiwa na woga atoroke. Mbona basi huelezwa kwamba sauti yake inaweza kukwaruza kwa sababu neva ya sauti inapita papo hapo, na wala hatoroki? Woga unaoua ni ule wa usiku wa tatu, mtu anapojikuta hawezi kufungua kiganja na hajui ni kwa nini. Kutoka Eldoret hadi Lodwar ni zaidi ya kilomita 300. Aliyeanza safari siku ya pili baada ya upasuaji, bila kupimwa kalsiamu na bila maneno mawili matatu ya kushika, anasafiri na saa inayohesabu.

Kuna na jambo la maziwa, ambalo huku kwetu halina budi kutajwa. Uasin Gishu ni nchi ya maziwa, na mtu akisikia kwamba amepungukiwa na kalsiamu, jibu la kwanza la ndugu zake ni mursik. Glasi ya maziwa ina kalsiamu ya kiasi cha miligramu 300. Mgonjwa huyu huenda akahitaji gramu moja hadi tatu za kalsiamu kwa siku, na hata hizo hazimfai vya kutosha bila vitamini D ya aina iliyokwisha kuwashwa, kwa sababu figo yake haipati tena ile amri ya kuiwasha. Jua la mchana kutwa halimsaidii kwa hilo. Isitoshe, maziwa yana fosforasi, ambayo tayari imepanda katika damu ya mtu wa namna hii. Anywe maziwa kwa kuwa ni chakula kizuri, lakini tembe asiziache. Na tembe za kalsiamu zisimezwe pamoja na zile za homoni ya dundumio ambazo aliyetolewa dundumio lote humeza kila siku. Ziachanishwe kwa saa nne, la sivyo ya kwanza huizuia ya pili isifyonzwe. Kwa aliyebaki na upungufu wa kudumu, damu na mkojo vipimwe mara kwa mara, maana kalsiamu ikizidishwa nayo huharibu figo.

Nimejaribu kuandika maneno ambayo muuguzi angeweza kuyasema kando ya kitanda, nikayasoma kwa sauti mbele ya watu wa rika mbalimbali, nikayapunguza kila waliposita. Yamebaki haya:

'Mama, tezi tunayoitoa shingoni si uvimbe mtupu, ni kiungo cha mwili. Nyuma yake kuna vijitezi vinne vidogo kama punje za mchele, navyo hulinda kalsiamu katika damu. Tutajitahidi kuviacha, lakini huenda vikashtuka na kulala kwa muda. Kalsiamu ikipungua, midomo na vidole vitakufa ganzi, kama mguu ulioukalia muda mrefu, au utahisi kama sisimizi wanakutambaa. Si kuwashwa kwa kujikuna. Ukihisi hivyo, meza tembe hizi kama tulivyokuonyesha, kisha tupigie simu au uende kituo cha afya kilicho karibu siku hiyohiyo. Vidole vikijikunja, koo likibana, au ukianguka, usingoje kuche. Waambie wakupime kalsiamu, uwaonyeshe kovu.'

Hayo huchukua muda wa dakika moja kuyasema. Nimewapa wanafunzi wangu wayapeleke nyumbani kwao, kila mmoja ayageuze katika lugha ya mama yake, kisha amwombe mtu asiyesoma ayarudie kwa maneno yake mwenyewe. Neno linalowashinda wengi ni 'ganzi'. Wengine wamerudi na neno la kuwashwa, nami nimewarudisha wakaulize tena.